Polisi, hospitali, magereza, DCEA: nani awakalishe meza moja kuhusu vijana wanaokufa kwa unga hapa Mwanza?

Mama_Mabatini:

Mwangaluka wakuu.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Nyamagana, kazi zetu mnazijua, chanjo, wajawazito, TB, vyandarua, na siku hizi tumeongezewa na vijana wa unga, yaani heroini. Sasa nimeambiwa nihudhurie kikao cha wadau, ajenda ni dawa za kulevya, na nimepewa nafasi ya kuongea kwa niaba ya wenzangu. Sitaki kwenda kusoma risala ya "tunaiomba serikali iliangalie suala hili". Nataka niende na kitu kimoja cha kushika.

Kinachonikera ni hiki. Kijana akifa maskani kwa kuzidisha dozi kila ofisi inajua kipande chake tu. Polisi wanajua kuna mwili umeokotwa. Mochwari wanajua umeletwa bila ndugu. Hospitali kama walimpokea akiwa bado anahema wameandika "alikuwa hajitambui" na imeishia hapo. Mtendaji katoa kibali cha mazishi. Ustawi wa jamii wanasikia watu wameshaanua matanga. DCEA (mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya) wanajua mzigo ulikamatwa wapi na nani, RITA (wakala wa kusajili vizazi na vifo) wanatoa cheti kama kuna ndugu aliyekwenda kukifuata, na wengi hawaendi. Hakuna hata mmoja mwenye picha nzima kwamba jamani kwenye hii mitaa miwili kuna vijana wameondoka ndani ya muda mfupi kwa mzigo uleule, ila sisi wa mtaani tunajua, sababu ndio tunaokaa kwenye hiyo misiba.

Maswali yangu: nani hasa mwenye mamlaka ya kuwakalisha hawa wote? Kuna sehemu wamefanya wakafanikiwa? Na la tatu ndilo linaloniumiza zaidi, tufanyeje ili wenzake wasimkimbie mtu akizidiwa? Maana wanakimbia. Wanamwacha hapo.

Naomba michango ya maana, matusi kwa mateja wekeni kwenye nyuzi nyingine.

---

Sista_Zamu:

Asante kwa kuleta hii mama. Mimi ni nesi, nimekaa sana dharura, sitataja hospitali.

Kabla ya meza naomba niseme mtu anakufaje maana kwenye hivyo vikao wengi hawajui na ndio maana wanapanga vitu visivyo na msaada. Heroini haimuui mtu kwa kusimamisha moyo ghafla. Inailaza ile sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua. Anaanza kukoroma mkoromo mzito usio wa usingizi, unamwita haitiki, unamfinya haitiki, mboni za macho zimesinyaa zimebaki vitone, kucha na midomo inageuka kijivu (kwa ngozi zetu chungulia ndani ya mdomo na kwenye kucha, usitegemee kuona bluu usoni), pumzi zinaachana, zinaachana, mwisho zinakata. Mara nyingi hii inachukua muda, inaweza kufika hata saa moja au mbili tangu ajidunge. Sasa fikirini, saa nzima! Wenzake wapo, mama ntilie yupo hatua chache, boda wapo kijiweni, na mtu anakufa huku anaonekana. Wanachofanya wanammwagia maji, wanamkalisha wanamnywesha maziwa, na maziwa kwa mtu asiyejitambua yanaenda kwenye mapafu.

Anachohitaji ni hewa. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, mpulizie mdomoni, pumzi moja kila baada ya sekunde tano hivi. Akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu. Na kuna dawa inaitwa naloksoni, ya zamani sana, Marekani waliipitisha tangu 1971, inaenda kuisukuma heroini pale kwenye ubongo ilipokaa na mtu anarudi ndani ya dakika chache. Hailevyi, na ukimchoma mtu ambaye hana heroini wala dawa za jamii hiyo mwilini haimfanyi kitu. Shirika la Afya Duniani tangu 2014 linashauri ipatikane kwa mtu yeyote anayeweza kumkuta mwenzake kazidiwa, yaani waraibu wenyewe, familia, polisi, sio madaktari peke yao. Huku kwetu iko hospitali kubwa, watu wa nusu kaputi wanaijua vizuri, ila zahanati ya mtaani usiitegemee.

Angalizo, inafanya kazi dakika 30 hadi 90, heroini au methadoni (dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini) inaweza kukaa zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukimwamsha akakutukana akataka kuondoka (watakutukana, maana inamletea arosto, yale mateso ya kukosa unga, palepale) usimwache peke yake.

Sasa tatizo la getini. Mtu akifikishwa na wenzake, swali la kwanza mara nyingine ni "PF3 iko wapi". PF3 ni fomu inayotolewa na polisi, kwa hiyo PF3 maana yake polisi. Wale waliomleta wakisikia hivyo wameshapotea na bodaboda waliyokuja nayo, na mimi nabaki na mgonjwa simjui jina, sijui katumia nini, kachanganya na valiamu au pombe au vipi. Serikali imesema mara ngapi sijui, kwamba mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza PF3 ifuate. Ila mlinzi wa getini hilo tangazo halijamfikia. Mama, kama unatafuta kitu cha kushika anza na hilo geti.

---

Mkweli_Daima:

Mimi mtanisamehe ila lazima mmoja aseme. Hapa kwetu Igogo mateja wameng'oa mpaka koki za maji, sufuria ukianika nje imeenda, sasa leo serikali ichukue hela iwanunulie dawa ya kuwaamsha ili kesho warudi kuiba? Na mkiwaambia polisi wasikamate maskani si ndio mnafungua duka? Kamata wote, tupa gerezani Butimba, shule ya maisha ipo kule. Sungusungu wa zamani wangemaliza hii kitu wiki moja.

Naongea kama mlipa kodi.

---

Nimerudi_Home:

@Mkweli_Daima kaka sikubishii sufuria, zinaibwa kweli na zinauzwa chuma chakavu. Ila hapo kwenye Butimba ndio umegusa penyewe bila kujua.

Mimi nakunywa methadoni pale kliniki ya Sekou Toure, kila siku iendayo kwa Mungu, unaenda unakunywa mbele ya muuguzi, unaondoka. Kabla ya hapo nimekaa sana maskani kwa hiyo ninachokwambia sio cha kusoma. Wanaokufa sio wale wanaovuta kila siku. Aliyezoea mwili wake unajua kipimo. Anayekufa ni yule aliyetoka. Katoka jela, katoka soba hausi (nyumba ya kuachia unga), katoka kijijini alikopelekwa na mama yake akae shambani mbali na washikaji, au katoka visiwani alikojificha kwenye kambi za dagaa miezi kadhaa. Anarudi mjini yupo fresh, kanenepa, wana wanamfurahia, wanamkaribisha, na anachukua kipimo kilekile alichoacha nacho wakati mwili umeshasahau. Anaondoka siku hiyohiyo. Washikaji wa namna hiyo nimewaona, tena wengine ndio walikuwa wanasema safari hii nimeacha kabisa.

Sasa wewe unasema kamata wote tupa ndani. Sawa. Wanakaa, wanatoka, na siku ya kutoka hakuna mtu hata mmoja aliyeambiwa kwamba fulani anatoka leo. Kliniki haijui. Nyumbani hawajui. Muuza unga anajua, yeye yupo stendi anamsubiri na kete ya bure.

Na kuhusu kukimbia, mama Mabatini, usitulaumu sana. Mtu kazidiwa maskani, ukipiga simu unampigia nani? Namba iliyobandikwa kila mahali ni 119 ya DCEA, na ile ni ya kutoa taarifa za wauzaji. 112 ni polisi. Ukimbeba mwenyewe mpaka hospitali akafia njiani unaisaidia polisi wewe, "ulikuwa naye, mlitumia pamoja, umemdunga wewe". Kutumia tu kwa sheria yetu ni kosa, sembuse ukutwe na mwili. Nimemsikia afande kwenye kituo kimoja (sitataja) anamwambia mwana alaze bomba chini ajieleze vizuri wakati mwenzake bado yuko kwenye bajaji nje hajashushwa. Mtu akishaona hilo mara moja, siku nyingine hata kama ni mdogo wake ataweka begi begani aondoke.

---

Bwiru_Boy:

Nachangia upande wa nje maana nimeishi Marekani na hii habari nimeifuatilia sana, ila niseme mapema TUSIKOPI KILA KITU, kule tatizo ni fentanili, kitu chenye nguvu kama mara 50 ya heroini na kinatengenezwa maabara, huku kwetu bado ni heroini ya Afghanistani inayoshushwa pwani na majahazi. Ingawa hata hilo tusilale, Taliban walipiga marufuku kilimo cha afyuni, inakotoka heroini, 2022 na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukasema mashamba yameshuka kwa asilimia 95, na mwisho wa 2023 DCEA walikamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini Dar na Iringa. Soko likiyumba wauzaji wanachanganya, na mchanganyiko ndio unaoua maana kipimo hakieleweki tena.

Swali la mama ni kuratibu. Wamarekani wana ofisi Ikulu kabisa ya kuratibu sera za dawa za kulevya, tangu 1988. Na pamoja na ofisi hiyo vifo vilikuwa zaidi ya 105,000 mwaka 2023. Mwaka mmoja! Halafu 2024 vikashuka mpaka kama 80,000 na mpaka leo wataalamu wanabishana kwa nini hasa. Kwa hiyo ofisi ya kuratibu peke yake sio dawa, kikao cha robo mwaka na soda na posho kinaweza kuendelea vizuri huku watu wanazikwa.

Vilivyofanya kazi ni vitu vidogo vyenye kazi maalumu. Nitasema vitatu.

Kuna mfumo unaitwa ODMAP ulianzishwa 2017 na watu wa usalama wa eneo la Washington na Baltimore. Askari au mtu wa ambulansi akikuta mtu kazidisha dozi anaingiza kwenye simu sehemu, saa, kama amekufa au amepona, kama kapewa naloksoni. Basi. Hakuna jina. Taarifa za sehemu moja zikizidi kiwango ndani ya saa 24 tahadhari inaenda kwa polisi na watu wa afya kwa pamoja na wa afya wanatuma watu wao mtaani kuambia vijana kwamba huu mzigo wa wiki hii unaua. Tazameni, polisi ndio wanaokusanya ila wa kwanza kufaidika ni afya.

La pili ni magereza na hapa namuunga mkono @Nimerudi_Home asilimia zote. Kuna utafiti wa jimbo la Washington wa 2007, uligundua mtu aliyetoka jela kwenye zile wiki mbili za kwanza hatari yake ya kufa kwa kuzidisha dozi ni mara 129 ya mtu wa kawaida. Mia na ishirini na tisa. Jimbo dogo la Rhode Island likaamua 2016 kila mfungwa mwenye uraibu apate methadoni au dawa nyingine ya aina hiyo humohumo ndani na akitoka anaunganishwa na kliniki. Ukilinganisha nusu ya kwanza ya 2016 na nusu ya kwanza ya 2017 vifo vya watu waliotoka jela karibuni vilishuka kutoka 26 hadi 9. Hapo magereza na afya walishikana mikono, tarehe ya kutoka isiwe siri kwa kliniki.

La tatu ni sheria ya kumlinda anayepiga simu, New Mexico walianza 2007 na majimbo mengi yakafuata. Ukiita msaada mwenzako kazidiwa hushtakiwi kwa kutumia au kukutwa na kidogo cha kwako. Muuzaji halindwi.

Na kwa wanaosema hivyo ni vya nchi tajiri, Shirika la Afya na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya walifanya mradi wa naloksoni Kirgizistani, Tajikistani, Kazakhstani na Ukraine, sehemu ambazo polisi wao sio wapole hata kidogo. Waligawa kwa waraibu wenyewe na familia, na katika waliokuja kukuta mtu kazidiwa, kama 9 kati ya 10 waliitumia ile dawa. Teja aliyefundishwa anaokoa mwenzake, hilo limeshajibiwa.

---

Mkweli_Daima:

Sawa nimesoma. Hiyo ya jela inaingia akilini. Hiyo ya kugawia dawa mateja bado sijakubali.

---

Afande_Mstaafu:

Salaam wanajukwaa. Nimelitumikia jeshi Kanda ya Ziwa mpaka nimestaafu kwa heshima, naomba nijibu lile swali la kwanza la mama ambalo wote mmeliruka.

Nani mwenye mamlaka? Chora kwenye karatasi. Polisi na Magereza wako Mambo ya Ndani. DCEA iko Ofisi ya Waziri Mkuu, iliundwa kwa sheria ya 2015. Hospitali ya mkoa iko Wizara ya Afya, lakini zahanati na kituo cha afya cha kata viko TAMISEMI. Mkemia Mkuu ambaye maabara yake ya kanda iko hapahapa Mwanza ni Wizara ya Afya. RITA ni Katiba na Sheria. Hawa wote hawana bosi mmoja mpaka ufike juu kabisa, sasa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) hawezi kumwagiza mganga na mganga hawezi kumwagiza mkuu wa gereza, na ukiwaachia waandikiane barua barua itakaa masijala. Ngazi pekee wanayokutana wengi wao wakiwa na mwenyekiti mmoja ni mkoa, kwa Mkuu wa Mkoa, na mtendaji wa shughuli ni Katibu Tawala. Wilaya haitoshi kwa kesi yenu, maana jiji letu lina wilaya mbili, kijana analala Kirumba ambayo ni Ilemela, anachukua kete Mabatini ambayo ni Nyamagana, anafia Mlango Mmoja, sasa takwimu ni ya nani? Mama, kikaoni kwako omba jambo lipande mkoani, usikubali libaki hapo.

Pili, askari. Mnamsema vibaya lakini askari anapimwa kwa kesi alizofikisha mahakamani, hakuna fomu inayomhesabia mtu aliyemwahisha hospitali. Kubadilisha sheria ni bunge, tuliache. Ila RPC (kamanda wa polisi wa mkoa) anaweza kutoa maelekezo ya kazi kwa OCD wote kwamba kwenye tukio la mtu kuzidiwa kazi ya kwanza ni uhai, aliyemleta mgonjwa asikamatwe pale hospitali, na maswali kuhusu muuzaji yafanywe na wapelelezi kwa njia zao nyingine. Hilo ni karatasi moja. Askari akishaona sahihi ya mkubwa wake anatii, hana shida. Siku hizi kuna polisi kata, huyo ndiye anayejua maskani zote, mfundisheni yeye kupuliza pumzi na kushika hiyo naloksoni, mara nyingi atafika kabla ya gari la wagonjwa.

Tatu, hili hamjalitaja. Kete iliyobaki pale chini, bomba lililobaki, vinachukuliwa kama kielelezo na kupelekwa kwa Mkemia, majibu yanakuja kwa mpelelezi kwa ajili ya mahakama, na mahakama inaweza kuchukua mwaka. Hospitali haioni majibu hayo kamwe. Kumbe nakala ya ukurasa mmoja inayosema "sampuli ya eneo hili imekutwa na kitu hiki" bila jina la mtuhumiwa haiharibu kesi yoyote. Hapo mngeokoa watu.

Ila naonya, msikubali orodha ya majina ya waraibu izunguke kwenye ofisi. Majina yakifika kwetu, nasema kwetu kwa sababu moyo wangu bado uko huko, kuna siku itakuja operesheni na ile orodha itatumika. Vijana wakisikia kliniki imetoa majina hamtawaona tena.

---

Nansio_Kisiwani:

Mnaongelea mjini tu. Huku Ukerewe kijana akizidiwa usiku hakuna meli, na hata ikiwepo mpaka Mwanza ni zaidi ya masaa matatu juu ya maji. Methadoni ya kunywa kila siku mbele ya nesi mtu wa Nansio ataifuataje? Wanaianza wakiwa mjini, hela ya kula inaisha wanarudi kuvua, dawa imekatika, na wakirudi mjini ndio yale aliyosema Nimerudi_Home. Kwenye hicho kikao tuwekeeni hata sentensi moja. Naloksoni ikae hospitali ya wilaya na vituo vya visiwa vidogo, haihitaji friji hiyo.

---

Mama_Mabatini:

Nimesoma yote, tena nimesoma na wenzangu hapa, Mungu awabariki. Afande shikamoo, ile ya mkoa nimeiandika kabisa kwenye daftari.

Ila bado nina hofu ya kwenda na vitu vingi. Nikisimama nikasema geti, magereza, Mkemia, naloksoni, visiwa, mwenyekiti atasema "ahsante mama kwa mawazo mazuri" na tutaenda kula. Naomba sista unisaidie, kama ni kimoja tu?

---

Sista_Zamu:

Mama usipeleke kitu kipya, hapo ndipo ujanja ulipo. Peleka kitu ambacho tayari wanakifanya kwa wengine.

Mama mjamzito akifa hospitalini nini kinatokea? Taarifa inatakiwa itoke ndani ya saa 24, na ndani ya siku saba kuna kikao cha kupitia kile kifo, nani alimwona, gari lilichelewa wapi, damu ilikuwepo au haikuwepo. Kinaumiza kile kikao, nimekaa humo, watu wanatoka jasho, ila kinafanya mtu wa maabara na mtu wa gari na mtu wa zamu wajibu swali moja wakiwa chumba kimoja. Omba hichohicho kwa kijana aliyekufa kwa kuzidisha dozi. Wamarekani pia wanavyo, Maryland walianza kama majaribio. Kila kifo kimoja kipitiwe, bila kutafuta wa kumfunga: alitoka wapi mwezi huo, nani alikuwa naye, alifikishwa au hakufikishwa, getini alikutana na nini, kete yake ilipimwa ikakutwa na nini. Wakae mganga mkuu wa mkoa, mtu wa RPC, mtu wa magereza, Mkemia, DCEA kanda, ustawi wa jamii, kliniki ya methadoni, na mraibu mmoja aliyepo kwenye matibabu, huyu wasimsahau maana ndiye anayejua.

Ukifanikiwa kuwakalisha kwa kifo kimoja tu hayo mengine uliyoyataja yatajitokeza yenyewe. Watakuta katoka Butimba siku mbili kabla, mtu wa magereza atakuwa hapo, ataulizwa kwa nini kliniki haikuambiwa. Tena wao wanalo la kuigia, Segerea kule Dar methadoni imeingia mpaka gerezani. Watakuta alifika getini, mlinzi akataka PF3, mganga mkuu atakuwa hapo. Hakuna atakayesema sio idara yangu maana idara yake imekaa kiti cha pili.

Na usafiri mama usisahau hili, sisi watu wa Ziwa ndio tulioonyesha nchi nzima. M-mama ilianzia Sengerema na Shinyanga, simu inapigwa kwa ajili ya mjamzito, dereva wa kawaida wa mtaani anatumwa, analipwa kwa simu. Leo ni 115 nchi nzima. Kama dereva wa taksi anaweza kukabidhiwa mama mwenye kifafa cha mimba, anaweza kukabidhiwa kijana asiyepumua.

---

Nimerudi_Home:

Mimi nipo tayari kukaa hicho kiti cha mraibu kama watakubali, ila wasiniite mbele ya waandishi.

Alafu sista, hiyo 115 ukiifungulia mateja si watasema wajawazito wanakosa gari?

---

Sista_Zamu:

Watasema na watakuwa na haki, ndio maana sikusema 115 yenyewe, nimesema mpango wa namna ile. Madereva wale wale, namba nyingine. Simu za kuzidisha dozi haziwezi kufika hata robo ya simu za uzazi.

---

Mkweli_Daima:

Hicho kikao cha kupitia kifo nakiunga mkono, angalau kuna mtu ataulizwa. Swali, majibu ya kikao yanaenda wapi? Maana tunajua ripoti za nchi hii.

---

Afande_Mstaafu:

@Mkweli_Daima swali zuri. Yaende kwa Katibu Tawala yakiwa na jina la ofisi na tarehe ya mwisho ya kutekeleza, na kikao kinachofuata kifunguliwe kwa kuyasoma kabla ya kifo kipya. Jina la marehemu lisiwemo, namba tu. Na yasiwe ushahidi mahakamani, hilo liandikwe juu kabisa ukurasa wa kwanza, bila hivyo hakuna atakayefungua mdomo, kuanzia na sisi polisi.

Mama, RPC akituma mtu mwombe atume mkuu wa kituo anayefanya kazi za usiku. Afisa wa ofisini atakuja na takwimu za kukamata.

---

Mama_Mabatini:

Sawa afande. Nimeandika ukurasa mmoja tu, dakika tano, nimeanza na kijana wetu wa mwisho tuliyemzika, bila jina, mama yake kaniruhusu. Nimepanga nimuulize kila mtu wa meza ile ofisi yake ilikuwa inajua nini juu yake siku ile, wajibu mmoja mmoja.

Swali dogo lililobaki ni ile namba ya simu, ikipatikana ikae kwa nani usiku? Mwenzangu anasema kwa mganga mkuu.

---

Sista_Zamu:

Hapana, kwa mganga mkuu itaita mpaka betri iishe. Ikae mezani mapokezi ya dharura, kwa nesi wa zamu, na chaja yake ifungwe kwenye meza kwa waya.